Wifi Yetu Mahututi

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Binti yangu mpendwa, hujambo? Mgongo unaendeleaje, na miguu imeacha kuvimba? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila raha sina. Mtandao wa mtaa umezimika tangu jana, katikati ya maneno yako. Ulikuwa unasema, "Mama, daktari amesema mtoto ata..." Ata nini? Sijui! Basi nitaandika humu kila siku, mtandao ukirudi nikutumie yote.

Fundi wa mtandao amepanda mlingoti, ameshuka, amejikuna kichwa. Betri imekufa. Na chama chetu cha mtandao unakijua: hakiuzi, hakipati faida, kinaishi kwa michango ya watu. Mwenyekiti akauliza nani atasimamia uchangishaji. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mjukuu wangu azaliwe nisimwone sura? Haiwezekani.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango wa kwanza: kibao kipya cha wafadhili pale ukumbini. Atakayetoa kikubwa, jina lake herufi kubwa.

Nimeanza na wifi yangu, yaani shangazi yako, maana betri zimejaa dukani kwake, nyuma ya mabati. Amenisikiliza mikono kiunoni. Kisha akauliza kama kibao hiki nacho kitakuwa na msumari.

Bado ana kinyongo! Kibao cha zamani kilihitaji msumari, na msumari ukapita kwenye jina lake. Kosa langu liko wapi? Jina lilikuwa katikati. Akasema jina langu mimi, ambaye sikutoa kitu, liko juu kabisa kwa rangi ya dhahabu. Nikamweleza kuwa mimi ndiye msimamizi wa shukrani. Akasema basi nikae nijishukuru mpaka betri ije yenyewe.

Nimetoka nimenuna. Nimemwombea usiku, lakini kwa kifupi.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Mpango wa pili! Tangazo!

Fundi alitaka niandike "mtandao". Neno la kizee hilo. Vijana wote wanasema waifai, na kwenye boksi la mtambo neno hilo limeandikwa wazi kabisa. Nikachukua kalamu nene:

WIFI YETU MAHUTUTI! TUNAOMBA MICHANGO NA MAOMBI KABLA YA JUMAMOSI. NI MIMI, MAMA MIPANGO.

Nimebandika kwa mwokaji mikate, kwa kinyozi, na kwenye lango la ukumbi. Fundi alisoma mara mbili, akafungua mdomo. Nikamwambia kazi yake ni mlingoti.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Tangazo linafanya kazi ya ajabu. Mwokaji mikate amenishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. Akauliza ilianza lini. Nikamwambia Jumapili, ghafla, katikati ya maongezi. Akauliza kama kuna matumaini. Nikasema yapo, ila lazima kitu cha ndani kibadilishwe. Akajishika kifua, akauliza kama ni moyo. Nikafikiri kidogo. Nikasema ndiyo, mtu anaweza kusema ni moyo. Akalia kwa sauti!

Kinyozi naye akauliza kama kwenda kutazama kunaruhusiwa. Nikamwambia apite wakati wowote, mradi asiguse nyaya.

Sikujua mtaa huu unaupenda mtandao kiasi hiki. Leo nalala kwa furaha.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Balaa!

Asubuhi watu wamejaa uani kwa wifi. Matunda, uji kwenye chupa, blanketi, bahasha. Mwenyekiti mwenyewe kavua kofia. Nikajua mara moja: wifi ameniibia wafadhili! Nikakimbia na ndala tofauti miguuni.

Nikamkuta mwokaji mikate anaongoza sala. Alikuwa anamsimulia Mungu jinsi mvua ilivyobomoa paa la jiko lake, na wifi akampa mabati, wala asimwambie mtu. Hata mimi sikulijua hilo.

Mara wifi akatokea nyuma ya nyumba, mzima kama chuma, bati kichwani. Mayowe! Kinyozi aliruka ukuta. Bati likaanguka kwa kishindo, ndipo watu wakaamini si mzuka.

Wifi akauliza nani kamuua. Wote wakanigeukia. Nikaeleza kwa upole kwamba tatizo la mtaa huu ni watu kutokujua kusoma.

Nilisubiri kofi. Halikuja. Wifi aliketi juu ya bati lake, akamtazama mwokaji mikate, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: kumbe walikuwa wanamlilia kweli? Akajifuta uso kwa upindo wa gauni. Kisha akasimama, akasema bahasha zote ziende kwenye mlingoti, na betri atatoa yeye. Ile kubwa. Sharti moja tu: msumari usimguse.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Fundi amefunga betri. Taa ya kijani ikawaka. Na wewe ukapiga!

Kumbe daktari alisema mtoto atawahi, na kweli amewahi! Nimemwona, mwanangu. Pua ya marehemu baba yako, yaani pua ya wifi. Mimi na yeye tulinyang'anyana simu, kisha tukaishika pamoja, tukalia mpaka ukatuambia turudi nyuma kidogo, unaona sikio tu. Mungu ni mwema.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Kibao kipya kiko ukutani, kwa gundi. Jina la wifi juu, kubwa. Langu chini yake, dogo, ila nimelizungushia maua.

Nikaona wafadhili lazima wajulishwe kuwa mambo yametengemaa. Fundi akaniomba, akakaribia kunipigia magoti, nimwonyeshe kwanza nilichoandika. Wivu tu. Nimebandika kabla ya ibada, palepale pa mwanzo:

WIFI YETU SASA HEWANI! MATESO YAMEKWISHA. TUKUTANE JIONI TUMSHUKURU MUNGU.

Limepokelewa vizuri mno! Niko dirishani, naona watu wanapeleka viti na turubai kwa wifi. Wote wamevaa kwa heshima, kimya. Kinyozi anamshikilia mwokaji mikate asianguke, bila shaka ni furaha. Na yule anayekuja mbio huku akiita jina langu kwa nguvu ni wifi mwenyewe. Atakuwa anataka nikae mbele.

Ngoja nivae viatu. Tafadhali nijibu upesi, mwanangu, na utume picha nyingine ya mtoto.

Mama yako