Mpango Kabambe wa Kulinda Kichwa cha Kindi

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa wilaya yetu, wa mabondeni na wa mjini, walitangaziwa kwamba kuanzia siku ya kwanza ya msimu hakuna mtu atakayeruhusiwa kumpiga kindi risasi ya kichwa.

Tangazo lilisomwa na Jaji Estill Gabbard mwenyewe kwenye ngazi za mahakama, kofia ameishikilia kifuani kama anayesoma majina ya waliokufa vitani. Tunamwita Jaji ingawa hahukumu kesi yoyote. Kazi yake ni barabara, madaraja na kupungia watu mkono. Ndivyo cheo kinavyoitwa hapa Kentucky na hatujaona sababu ya kukigusa.

Mimi nilikuwa nyuma yake, upande wa kushoto, kwa kuwa ni mjumbe wa kamati ya mpango huo. Nawakilisha wajane, kanisa na jiko. Jaji aliniteua kwa maneno haya: "Shangazi Zella, kamati inahitaji mtu mmoja asiyesema sana." Niliona ni heshima. Shule niliishia darasa la nane, na tangu marehemu mume wangu alale, nyumba yangu ina kimya cha kutosha kugawia kamati nzima.

"Ndugu wananchi," Jaji akasoma, "imebainika kwamba kuna upotevu mkubwa wa rasilimali ya vichwa."

Watu wakatazamana. Kisha wakaelewa, kwa sababu wote wanamjua Jaji tangu anatembea pekupeku.

Ukweli ni huu. Bondeni kwetu mwindaji hubeba ishirini na mbili, bunduki ile yenye risasi ndogo ya kupotea mfukoni. Anaketi chini ya mti wa hikori kabla umande haujakauka, anatulia mpaka makapi ya kokwa zinazotafunwa juu yaanze kumdondokea kofiani, halafu anampiga kindi kichwani. Hampigi kwingine. Mwilini ndiko kwenye mchuzi. Kijana akirudi na kindi aliyepasuliwa ubavu, mama yake humuuliza kama alimwinda kwa jembe.

Lakini kichwa nacho kina wapenzi wake. Hukaangwa pamoja na mapaja, mtu akakipasua mezani kwa mgongo wa kijiko, akala ubongo na mayai ya kuvurugwa. Anayepewa kichwa ndiye mkubwa wa meza. Na Jaji Gabbard, Mungu amlinde, anapenda kichwa cha kindi kuliko kura. Kwa kuwa wilaya hii imejaa watu wenye shabaha, alikuwa hajaona kichwa kizima tangu azikwe mama yake, aliyekuwa akitega kindi kwa mtego wa kamba.

Kwa hiyo ukazaliwa Mpango Kabambe. Vipengele vyake vilikuwa vyepesi. Kwanza, kila kindi apigwe mwilini. Pili, kila kichwa kizima kikaangwe na kuletwa mahakamani. Tatu, ili kuondoa dhana ya ubadhirifu, Jaji mwenyewe atakula kila kichwa hapo hapo, mbele ya mwananchi aliyekileta, mpaka kiishe. Nne, bunduki itakayoharibu kichwa itashikiliwa mpaka wilaya itakapojiridhisha.

Kipengele cha tatu alikiandika kwa mkono wake na alikisoma mara mbili, akimeza mate.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Burl Napier.

Mjomba Burl ni mzee mwembamba asiye na ugomvi na mtu. Siku ya kwanza ya msimu alivuka daraja la mbao akiwa na kindi wamening'inia kiunoni, na pale darajani alikuwa amesimama Lonzo Gabbard, binamu yake Jaji, Mkaguzi Mkuu wa Vichwa, amevaa fulana ya rangi ya chungwa mpya kabisa.

"Simama hapo, Mjomba. Ukaguzi."

"Ukaguzi wa nini, Lonzo?"

"Wa vichwa."

"Changu kinauma kidogo, upande huu."

"Usinifanyie mzaha nikiwa kazini." Lonzo akainua kindi mmoja kwa mkia, akamgeuza, akachungulia. "Huyu amepigwa jichoni."

"Ndiyo."

"Na huyu jichoni."

"Huyo kidogo nimekosea. Nilitaka nyuma ya sikio."

"Mjomba Burl, unakiri?"

"Nakiri nini? Kwamba naona?"

Bunduki ikachukuliwa. Lonzo aliibeba kwa uangalifu, hilo lazima nimpe haki yake, kwa maana kila mtu anaijua. Ilikuwa ya marehemu mke wa Burl, Verdie, ambaye alikuwa na shabaha kumshinda mumewe na hakuwahi kumficha.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo, na mimi kama mjumbe wa jiko nililiona mapema. Jumapili ya Kurudi Nyumbani ilikuwa inakaribia, siku ambayo watoto wetu waliokwenda viwandani Ohio na Michigan hurudi kanisani, tunaimba, tunakula kwenye meza ndefu kando ya makaburi. Kila mwaka sufuria la mchuzi wa kindi ni la Burl. Yeye anawinda, mimi napika. Na mwaka huu Lurlene, binti yake, ambaye hakuwa amekanyaga bondeni tangu wagombane kwenye mazishi ya mama yake, alikuwa amepiga simu.

"Alisema nini?" nilimuuliza Burl.

"Alisema atakuja." Akaangalia viatu vyake. "Akauliza kama kutakuwa na mchuzi kama wa mama yake."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu upo. Sasa nitampa nini, Zella? Maharage?"

Nilijaribu. Nilipika kindi waliopigwa kwa kufuata Mpango, nikawaloweka kwenye maji ya chumvi, nikasafisha, nikaomba. Mchuzi ulikuwa na manyoya, vipande vya mfupa, na risasi moja nzima iliyonigonga jino. Niliipeleka risasi kwenye kikao cha kamati, nikaiweka mezani.

Jaji aliitazama kwa makini. "Hiyo," akasema, "ni changamoto ya kipindi cha mpito."

Niliomba bunduki ya Burl irudishwe. Jaji alisema wilaya bado haijajiridhisha. Niliuliza itajiridhisha lini. Akasema itajiridhisha wananchi wakionyesha mwitikio.

Basi nikashika neno hilo, mwitikio, nikaenda nalo nyumbani.

Jumapili iliyofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, mchungaji aliuliza kama kuna matangazo. Nikasimama. Nilisema kwamba Jaji wetu ana huzuni kwa sababu watu hawaleti vichwa. Nilisema kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ana haki ya kufika mahakamani na kichwa chake na kumwona kiongozi akila mpaka kiishe. Nilisema Biblia inatutaka tuwatii wenye mamlaka, na nikaketi. Sikumkonyeza mtu. Kama bibi mzee Ottie Sizemore alinikonyeza mimi, hilo ni jicho lake.

Mwitikio ulikuwa wa kupendeza.

Jumatatu asubuhi mstari ulitoka kwenye chumba cha Jaji, ukashuka ngazi, ukazunguka sanamu ya askari. Watu walikuja na sahani zimefunikwa kwa taulo safi. Jaji alitoka akiwa amefunga kitambaa shingoni, uso unang'aa.

"Mnaona?" akatuambia wajumbe. "Mpango unapokelewa!"

Alikula cha kwanza amefumba macho. Cha pili alikisifia chumvi. Saa ya chakula cha mchana Lonzo alimkumbusha kwamba ni saa ya chakula cha mchana, na Jaji akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Jumanne walikuja wa bonde la juu. Jumatano wakaja wa ng'ambo ya mto, ambao hata siku ya kupiga kura hawaji. Mbwa wa wilaya nzima walinenepa kwa ile nyama iliyosagika. Ottie Sizemore, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na alimfundisha Jaji shule ya Jumapili, alivuta kiti akaketi mbele yake kabisa.

"Kula, mwanangu."

"Shangazi Ottie, asante sana. Nitakibeba nyumbani."

"Usinione mzee. Imesemwa mbele ya mwananchi. Mwananchi ndiye mimi."

"Ni kweli, Jaji," akasema Lonzo, ambaye ni mtu wa kanuni. "Kipengele cha tatu."

"Nyamaza, Lonzo."

"Nimekiwekea pilipili," Ottie akasema. "Na hiki kingine ni cha wifi yangu, magoti yanamsumbua, nimemwahidi nitaangalia kwa niaba yake. Pasua basi. Mbona unakishika kama kitauma?"

Jaji akapasua. Kile kijiko kilitoa mlio mdogo, ko, na nilimwona akishtuka mabegani.

Alhamisi aliitisha kikao cha dharura ili Mpango ufutwe. Kwa bahati mbaya wajumbe wengine wote walikuwa msituni wakiutekeleza. Tulikuwa mimi na yeye tu, na harufu ya mafuta ya kukaangia.

"Shangazi Zella," akasema kwa sauti ya chini, "unaonaje tukibadilisha kipengele cha tatu? Sema neno."

"Mheshimiwa," nikamjibu, "uliniteua nisiseme sana."

Alinitazama. Nami nilimtazama kwa upendo wa Kikristo. Nje mtu aligonga mlango akasema, "Hodi, Jaji, bado kiko moto!"

Ijumaa sikwenda, nilikuwa nakanda unga. Lakini nasikia alijificha kwenye chumba cha kuhifadhia mifagio, na Lonzo, kwa kufuata utaratibu, akawaonyesha watu mlango wa chumba hicho.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya Kurudi Nyumbani, nilimpelekea Burl mkate wa mahindi. Tulikuwa barazani kwake tunakunywa mtindi. Lurlene alikuwa njiani, ameendesha gari usiku kucha kutoka Ohio. Pikapu ya wilaya ikapanda polepole, ikasimama kwenye matope. Jaji akashuka peke yake. Alikuwa amekonda na wakati huo huo amevimba, sijui jinsi ya kulieleza vizuri. Mikononi alishika kitu kilichofungwa kwenye blanketi, kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

"Burl."

"Jaji. Karibu. Umekula?"

Jaji aliegemea nguzo ya baraza mpaka hali ikapita.

"Bunduki yako hii," akasema. "Wilaya imejiridhisha."

Burl hakunyoosha mkono. "Nashukuru. Lakini nimezeeka, Jaji. Na hiyo sheria nimeanza kuizoea. Nikienda leo nitapiga mwilini kama mlivyotufundisha, vichwa nitakuletea vyote. Zella atakukaangia."

"Nitakukaangia," nikasema.

"Hapana!" Jaji akatazama barabarani kama kuna mtu anasikia. Halafu alipiga goti kwenye ngazi ya chini, na mimi ni shahidi mbele za Mungu. "Mjomba Burl. Nakusihi. Piga kichwani."

"Kichwani?"

"Kichwani kabisa. Jichoni, sikioni, popote, ilimradi kisibaki."

"Huo si ndio upotevu wa rasilimali?"

"Poteza! Poteza zote!"

Burl akakuna kidevu. Verdie alikuwa amemfundisha kutokuwa na haraka. "Tatizo langu, Jaji, mimi nikipiga kichwani na jirani yangu akapiga mwilini, bado kesho utaletewa cha jirani. Kama ingetangazwa pale pale kwenye ngazi, kofia kifuani, kwa sauti ile ile ya mwanzo, kwamba kila mtu apige anavyojua na ale chake nyumbani..."

"Nitatangaza."

"Na kwamba binti wa mtu akija nyumbani, mchuzi wake usiingiliwe na serikali."

"Hilo nalo?"

"Hilo kwanza."

Jaji alitangaza kabla ya adhuhuri. Kamati imeagizwa kuuita Mpango Kabambe, Awamu ya Pili, na taarifa yetu rasmi inasema malengo yote yalifikiwa. Lonzo amebaki Mkaguzi Mkuu wa Vichwa, ila sasa hakuna vichwa, kwa hiyo anakagua kwa bidii zaidi.

Burl aliingia msituni jioni ile ile. Nilisikia bunduki ya Verdie kutoka jikoni kwangu, mlio mdogo mkavu, kisha kimya kirefu, kisha tena. Hakukosea hata mara moja, au kama alikosea hakusema.

Jumapili jua lilikuwa zuri. Lurlene alikaa karibu na baba yake, si karibu sana, na nilimpakulia mimi mwenyewe, mchuzi mweupe mzito juu ya mkate wa moto. Alikula kijiko kimoja. Alitafuna taratibu, akatazama upande wa makaburi, halafu akasogeza kiti chake mpaka kikagusa cha Burl.

"Hauna mfupa," akasema.

"Hauna," Burl akajibu. Akamsogezea mkate.

Kwa desturi mgeni mkubwa ndiye huombea chakula kabla watu wa mstari wa pili hawajapakua, na mgeni mkubwa alikuwa Jaji. Alisimama na sahani yake ya maharage. Alipitisha macho kwenye meza nzima, sufuria kwa sufuria, akainua hata taulo la Ottie Sizemore kuhakikisha. Halafu akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nimekuwa kanisani tangu nabebwa mgongoni, na sijawahi kusikia mtu mzima akimshukuru Mungu kwa muda mrefu hivyo kwa ajili ya chakula ambacho hakikuwepo.