Matanga ya Kapteni Sudi

Wananchi wote wa pwani ya kusini, kuanzia Ukunda hadi Kibuyuni, mnaarifiwa kwamba hatari ya kucheza ovyo imedhibitiwa. Imeundwa Kamati ya Nidhamu ya Michezo Isiyotoa Jasho, nami ndiye katibu wake.

Mafanikio yetu yanajulikana. Msambweni tuliwaagiza wachezaji wa bao wasimame kila mchezo unapokwisha, wapunge mikono, ndipo waketi tena. Walitii siku tuliyokuwapo. Wacheza drafti wa Diani tuliwavisha vizibao vya kung'aa, ili gari lisije likawagonga wakiwa barazani.

Kisha Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mwero, ambaye ameongoza kamati nyingi kabla ya hii, aliarifiwa kwamba huko Bongwe kuna tovuti iitwayo Kidole Gumba. Inaandika habari za gemu za simu na kompyuta: ipi tamu, ipi inachosha, ipi inakula bando bure. Kibali chetu haina. Tukaenda.

Tulipokewa na Bi Mwanarusi, aliyekuwa akisukuma mahamri, na bintiye Yusra, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani.

"Shikamooni," alisema Yusra.

"Marahaba. Tumekuja kukagua ofisi ya tovuti."

"Ndiyo hii." Alionyesha kompyuta iliyowekwa juu ya cherehani.

"Na uzio?"

"Uzio wa nini, baba?"

"Wa tovuti."

"Haina uzio."

Nikanukuu: iko wazi pande zote.

Mheshimiwa aliuliza ni nani anayemlipa. Hakuna. Matangazo ya biashara? Hakuna. Mfadhili wa nje?

"Naifanya kwa mapenzi tu," alisema Yusra.

Mheshimiwa alinitazama. Mapenzi hayamo katika vyanzo vya mapato vinavyotambuliwa na kamati. "Mtu anayefanya kazi bure anaficha kitu," alisema. Yeye mwenyewe hajawahi kutenda kosa hilo.

Yusra alieleza kwamba tovuti waliianzisha yeye na kaka yake, Kheri. Kheri alifariki mwaka jana. Maandishi yake yote yamo humo, pamoja na rekodi za sauti yake akicheza na kucheka.

"Mkiifunga, sauti yake itakwenda wapi?"

"Itahifadhiwa katika faili," nilimtuliza.

"Faili gani?"

"Litakalofunguliwa."

Mheshimiwa, aliyekuwa akijibu simu muda wote huo, aliamuru tovuti ifungwe Ijumaa. Baada ya swala, ili isionekane ni uonevu.

Mimi nilipewa jukumu la kuichunguza hadi siku hiyo. Jumatano nilikuta habari nzito: "TANZIA. Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Kapteni Sudi wa Kisiwa Kikavu. Amefariki baada ya kampuni kuzima mitambo iliyokuwa ikimweka hai. Ameacha punda mmoja mwenye mabawa."

Nilielewa mara moja. Hospitali ya binafsi, bili haijalipwa. Habari ya mabawa niliipuuza. Wafiwa hupenda kutia chumvi. Chini yake msomaji mmoja aitwaye Kitsao alikuwa ameandika: "Kapteni amenifia mikononi mara nyingi, lakini hii imeniuma zaidi." Uchungu humsemesha mtu mengi.

Nilimpelekea Mheshimiwa habari hiyo mbiombio. Uchaguzi umekaribia, naye hapitwi na matanga. Mgonjwa hata mmoja hamjui, lakini maiti wote wa Kwale ni rafiki zake.

Alhamisi tulifika Bongwe na mchele, sukari na vipaza sauti. Uwanja ulijaa vijana. Walikuwa wasomaji waliokuja kuiaga tovuti kabla haijafungwa. Waliketi mikekani, wakinywa chai na kutazama simu zao kwa huzuni. Matanga kamili.

"Kapteni Sudi alikuwa kama ndugu yangu!" alinguruma Mheshimiwa. "Tumekua pamoja! Nilipougua, wa kwanza kubisha hodi alikuwa yeye!"

Vijana walitazamana. Msichana mmoja, Jemima, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, na punda wake? Atalishwa na nani?"

"Punda huyo atatunzwa na kamati yangu!"

"Anakula nyota, Mheshimiwa."

"Zitanunuliwa!"

Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia. Yusra aliinuka, akamsogelea. "Mheshimiwa, samahani, ngoja nikueleze. Kapteni si..."

"Usilie, binti yangu. Najua mlivyompenda." Kisha akageukia umati. "Na tovuti hii, aliyoipenda marehemu, haitafungwa maadamu mimi ni hai!"

Katikati ya vifijo, Yusra aliniinamia sikioni. Kapteni Sudi ni mtu wa kuchorwa, shujaa wa gemu. Kampuni iliyoitengeneza imeizima, haichezeki tena. Kheri ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuiandikia tanzia kila gemu inayozimwa.

Nilimweleza Mheshimiwa garini. Alitafakari hadi Ukunda. Kufikia hapo video ya hotuba ilikuwa imeenea kila simu, na redio ilitaka kumhoji kuhusu rafiki yake.

"Marehemu alikuwapo," aliamua. "Kamati haiwezi kuomboleza picha. Nitafutie historia yake."

Historia hiyo haipatikani kokote ila Kidole Gumba. Hivyo Ijumaa, baada ya swala, tuliketi mbele ya cherehani kama wanafunzi. Yusra alifungua rekodi. Sauti ya kijana ikajaa chumbani:

"Jamani, Kapteni huyu! Akiona maji anazama. Akiona dimbwi anazama. Mtu wa kisiwani asiyejua kuogelea? Huyu kazaliwa bara, wallahi, kapewa kofia tu!"

Mheshimiwa alicheka hadi akajipepea. "Kijana ana kipaji! Katibu, mwandike. Awe msemaji wangu."

"Huyo ni Kheri, Mheshimiwa," alisema Yusra. "Kaka yangu. Marehemu."

"Innalillahi." Mheshimiwa alivua kofia. "Mbona sikuja matangani? Mimi sipitwi."

Bi Mwanarusi hakuinua macho kutoka kwenye unga. "Ulikuja, bwana. Ulisema alikuwa kama ndugu yako. Kwamba mmekua pamoja."

Mheshimiwa alinitazama. Nilitazama dari.

"Alipozidiwa," aliendelea Bi Mwanarusi, "nilikuja ofisini kwako kuomba gari limpeleke hospitali. Nikaambiwa limekwenda matangani."

Kwenye kompyuta Kheri aliendelea kucheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeagiza azimwe.