Shujaa Wetu na Teke la Punda

Jumatatu, 13 Aprili 2015

Jiwe limefika. Limelazwa nyuma ya kanisa, limefunikwa turubai kama maiti. Jumamosi ya wiki ijayo litasimamishwa darajani, kuwakumbuka vijana wa Kilcarroon, mji wetu huu wa Ireland, waliokwenda vita vya kwanza vya dunia. Padri Garvey anasema familia moja itachaguliwa kuweka shada la maua la kwanza. Moja tu! Yenye shujaa wa kweli.

Sasa nani mwingine? Baba wa babu yangu, Thady Mulqueen, alikufa vitani Galipoli, Uturuki, mwaka 1915, bendera mkononi, Waturuki wanane wamelala miguuni pake. Mji mzima unajua. Nimewaambia mwenyewe.

Halafu nasikia Donncha Hehir naye ameomba. Hehir! Mwenye bucha. Kidole gumba chake hakijawahi kutoka kwenye mizani. Anadai baba wa babu yake, Tim Hehir, naye alipigana Galipoli, akarudi na risasi ya Mturuki gotini, akachechemea mpaka kufa. Shujaa gani anarudi nyumbani? Shujaa wa kweli anakufa hukohuko. Ukoo ule haujawahi kuipa dunia kitu isipokuwa soseji, na hata hizo nusu ni mkate.

Nikamwambia hivyo dada yangu Attracta. Akasema, “Soseji zake ni nzuri, Fergal,” akainamia sahani zake. Masikio mekundu. Jiko letu lina joto sana siku hizi.

(Tunaishi wawili katika nyumba ya wazazi. Mimi sijaoa kwa sababu hajatokea wa kunifaa. Yeye hajaolewa kwa sababu, akiolewa, nani atanipikia?)

Jumanne, 14 Aprili

Nimekwenda maktaba ya Ennis kumtafuta Thady kwenye kumbukumbu za jeshi. Hayumo. Nikamwambia binti wa pale kwamba kompyuta yake ni mbovu. Akasema si mbovu; mafaili mengi ya askari wa vita ile yaliungua London, Wajerumani walipoipiga mabomu mwaka 1940.

Yameungua! Nilitaka kumkumbatia. Hakuna karatasi, hakuna wa kunibishia. Njiani kurudi nikampandisha Thady cheo, akawa sajenti. Baada ya chai nikampa nishani. Baada ya kipande cha pili cha keki nikataka kumfanya kapteni, nikajizuia. Mimi si mtu wa makuu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimepita buchani kwa makusudi. Sikununua kitu. Nimemweleza Hehir, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kumbukumbu zimeungua na kwa hiyo lililobaki ni neno la muungwana. Alikuwa anafunga mguu wa kondoo kwa uzi. Wala hakuinua kichwa.

“Jaribu mafaili ya pensheni, Bwana Mulqueen,” akasema. “Hayo moto haukuyagusa. Mimi wangu nimemtafuta humo mpaka macho yamechoka. Simwoni.”

Hamwoni! Anakiri mwenyewe, mbele ya wateja! Nimecheka mpaka nyumbani. Debe tupu kweli haliachi kuvuma.

Kisha ati akanipa ini nimpelekee Attracta, bure, limefungwa karatasi nyeupe na utepe wa waridi juu yake. Ini lenye utepe! Mtu mzima hajui hata kufunga nyama. Attracta ameuhifadhi utepe. Hatupi kitu, dada yangu.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika kwa shida.

Nimerudi maktaba ya Ennis, nimempata Thady kwenye mafaili ya pensheni. Jina lake, kijiji chake, kila kitu. Alijiunga na jeshi mwaka 1914, hilo kweli. Galipoli hakufika. Hata meli hakupanda. Alipigwa teke gotini na punda wa kubebea mizigo ya jikoni, hapahapa Ireland, kambini, “akijaribu kumpanda bila ruhusa.” Wakamfukuza na kijipensheni. Hakuwa sajenti. Nishani hakuna. Waturuki wanane wote wako salama.

Lakini hiyo ndiyo habari njema. Wanawake wawili waliomba posho ya mke wa askari huyohuyo. Mmoja ni Honora Mulqueen wa Kilcarroon, mama wa babu yangu. Wa pili ni Bridget Hehir wa Ballyduneen, ng'ambo ya mto Shannon. Karani mmoja ameandika pembeni kwa wino mwekundu: “Yupi?”

Hehir. Ballyduneen. Nilikaa pale nikijifanya nakohoa. Baba yake Donncha alitokea Ballyduneen. Ndiye aliyekuja hapa kufungua bucha. Nikaomba kitabu cha ubatizo cha parokia ile. Watoto watatu wa Bridget, jina la ukoo la mama, na baba yao kila mara: Tim. Kwetu Thady na Tim ni jina moja lililovaa kofia mbili.

Kwa hiyo mzee wetu alitoka jeshini akichechemea, akatazama nyumba ya huku na nyumba ya kule, akachagua ya kule. Kule goti likawa la risasi. Huku Honora akawaambia watoto baba yao amekufa vitani. Namwelewa. Kaburi ni jepesi kubeba kuliko aibu.

Yaani mimi na muuza soseji ni damu moja! Nikazima kompyuta bila kuaga. Hehir anamtafuta Tim Hehir, na hatampata, maana ameandikwa Mulqueen. Siri ni yangu peke yangu. Nitakufa nayo. Kwanza niweke shada.

Jumatatu, 20 Aprili

Siku ya balaa.

Padri Garvey alituita sebuleni kwake, kila mtu na picha ya shujaa wake. Nikaweka ya Thady mezani, ile inayoning'inia juu ya meko yetu. Hehir akaweka ya Tim. Picha ni moja! Masharubu yaleyale, masikio yaleyale kama vipini vya sufuria, hata lile doa la mpiga picha kwenye ukuta wa nyuma.

Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nikapiga kelele, “Mwizi!” Nikasema kaingia nyumbani kwetu akaiba picha. Hehir akageuka rangi kama mafuta ya nguruwe. Akasema ile ameachiwa na bibi yake, na bibi yake hakuwahi kuvuka mto. Padri Garvey akazitazama picha. Akayatazama masikio yangu. Akayatazama ya Hehir. Kisha akaagiza chai kwa sauti ya mtu anayehitaji kitu kikali zaidi, na kusema tukutane tena Jumatano.

Nafika nyumbani, nasimulia ushindi wangu. Attracta akaweka chini kisu cha viazi. Akasema, “Kaka, huwezi kumwita Donncha mwizi. Mwezi wa tisa ananioa.”

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kumbe ile kwaya yake ya kila Alhamisi haikuwa kwaya! Walikuwa Lahinch, ufukweni, wakila aiskrimu kwenye upepo kama watoto. Watu wenye umri wa pensheni! Nikamuuliza viazi vyangu nani atavimenya. Akanipa kisu.

Jumatano, 22 Aprili

Jana nzima nimetembea huku na huku. Nikinyamaza, Thady anabaki shujaa lakini Attracta anakwenda. Nikisema, Thady anakwenda lakini Attracta anabaki, maana ndugu hawaoani. Shada moja, chakula cha kila siku. Nilipima. Samahani, mzee.

Leo sebuleni kwa Padri Garvey, Attracta naye akiwapo, nimesimama, nimekohoa, nimetandaza nakala zote mezani. Punda. Posho mbili. Ubatizo. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba harusi haiwezekani, hawa wawili ni damu ya mtu mmoja, na kwamba roho inaniuma. Nilihisi nampiga mzee teke la pili, lakini la haki.

Hehir akaketi. Akayasoma yote polepole, kidole kikifuata mistari, kidole kilekile cha mizani. Mwishoni akasema, si kwangu, kwa karatasi: “Baba yangu alipokuwa mdogo, aliligusa goti lile kila jioni kabla ya kulala. Kama watu wanavyogusa sanamu ya mtakatifu. Aliniambia hivyo akifa.” Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo mmoja. Biskuti za Padri ni kavu sana.

Attracta akamshika mkono. Nikasubiri machozi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikamsogezea leso. Alikuwa anacheka! “Punda,” akasema. “Donncha, punda!” Hehir akamtazama, naye akaanza, kwanza puani, kisha na kitambi chote. Padri Garvey akageukia dirishani lakini mgongo ulimsaliti.

Nikawakumbusha kuhusu damu. Padri akahesabu vizazi kwa vidole, wake wawili tofauti, akasema Kanisa halina neno kabisa. “Tungekuwa wakali kiasi hicho, Fergal, nusu ya kaunti hii ya Clare isingezaliwa.”

Basi shada, nikasema! Haliwezi kwenda kwa mtu aliyeshindwa na punda! Hapo Attracta akaacha kucheka. Akasema hataki kumwekea Thady hata jani. “Honora alivaa nguo nyeusi miaka yote kwa mtu aliyekuwa ng'ambo ya mto anakula supu. Na Bridget alizaa watatu kwa mtu ambaye hakuweza kumpa jina lake. Hao ndio waliobeba vita vya huyu mzee. Donncha aweke upande mmoja, mimi mwingine.”

Padri Garvey akasema amina. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mji mzima ulikuwa darajani. Padri Garvey alisimulia habari ya wale wanawake wawili, na wazee waliosimama mbele walifuta macho. Akafika kwenye punda, wakafuta tena, kwa sababu nyingine. Mtu nisiyemjua akaniuliza kama ni mimi wa yule punda.

Walipiga magoti pamoja, wakaweka shada. Mimi nilishika mwavuli. Wao wakavu, mimi nimelowa hadi soksi. Attracta alivaa koti la kijani la mama. Alisimama akilitazama jiwe lile kama anazungumza na mtu aliye nyuma yake, na kwa muda alifanana na mama kabisa. Mvua iliniingia machoni.

Kisha Hehir akanikumbatia mbele ya watu wote akaniita binamu. Ananukia vitunguu. Akasema Krismasi tutakula pamoja, bata mzinga atamtoa yeye. Nikamjibu kwamba nitaangalia ratiba yangu. Anadhani mtu wa hadhi yangu ananunulika kwa bata mzinga. Nikamuuliza ni mkubwa kiasi gani.

Jumapili, 26 Aprili

Attracta anakula kwa Hehir leo. Nilialikwa, nikakataa kwa heshima. Nimekaanga yai. Limeungua chini, juu ni bichi. Nimelila kwa kiburi.

Lakini simo katika majonzi! Ukoo wa baba nimeufunga. Ni ukoo wa watu wa hovyo, nilishuku tangu zamani. Kosa langu lilikuwa kutafuta upande usiofaa. Leo mchana nimefungua sanduku la mama, na tazama: Clanchy! Mama alikuwa wa akina Clanchy, na katika parokia yao, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, palikuwa na Askofu Ambrose Clanchy. Askofu! Damu ya jeshi si kitu mbele ya damu ya Kanisa. Sasa naelewa kwa nini nina sauti hii, na huu uvumilivu.

Nimechora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa. Mimi, mama, baba yake, babu yake, moja kwa moja mpaka kwa askofu mwenyewe, baba kwa mwana. Umekaa vizuri sana. Hehir apasuke.

Limebaki jambo dogo tu, kupata jina la mke wa askofu. Kesho baada ya misa nitamuuliza Padri Garvey, pale mlangoni, kila mtu asikie.