Herufi Ishirini na Nane za Fanomezantsoa

Jumatatu, 3 Juni
Darasani sikuingia hata siku moja. Herufi nilizipata kwenye magunia, nikiuza mchele sokoni, na zinanitosha. Leo Mwalimu Lanto kasema Ijumaa kila mtoto ataandika jina lake kamili bila kusaidiwa. Atakayeshindwa anabaki na wadogo mwaka mzima. Mjukuu wangu ni Fanomezantsoa Rasoanandrasana. Herufi ishirini na nane. Jina nilimpa mimi. Mwalimu akaomba aandike Fano tu. Nikamwambia afupishe hotuba zake kwanza.

Jirani yangu Vololona anacheka. Mjukuu wake anaitwa Rivo Rabe. Hilo si jina, ni kikohozi.

Jumanne, 4 Juni
Nimelipanga jina la kwanza uani kwa punje za mpunga. Asubuhi nzima, mgongo hoi. Bata wa Vololona wakaja, wakala Fano, wakameza meza, wakanibakishia ntsoa. Vololona kapaza sauti kutoka kwake: eti bata wake sasa wanastahili darasa la kwanza. Nikamjibu mmoja atahitimu leo leo, sufuriani.

Jumatano, 5 Juni
Dawa ni kinu. Mchi ukishuka, herufi moja. Mimi natwanga, Fano anaandika mavumbini. Mapigo ishirini na nane, jina limetimia! Tumerudia mpaka mchele ukawa unga. Tumekula uji.

Alhamisi, 6 Juni
Bila kinu anakwama kwenye z. Kaniuliza, kwa sauti ndogo, kama Rivo atapanda darasa amwache. Nikasema aachwe nani, na mimi nipo? Kisha nikaingia jikoni kufuta macho. Moshi ule.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekibeba kinu kichwani mpaka shule. Mwalimu akanizuia mlangoni: Bibi, hapa si jikoni. Nikakaa chini ya dirisha, nikatwanga kinu kitupu. Rivo maskini akafuata mchi, akaandika Rivorivorivorabera mpaka karatasi ikamwishia. Mwalimu akanifukuza, akampa Rivo karatasi nyingine. Wote wawili wamepanda. Fano kaandika zote ishirini na nane, hata z.

Njiani nikamuuliza kama mchi ulisikika vizuri. Akatoa pamba masikioni, pamba ya mto wangu, akauliza nimesemaje. Eti nilikuwa namchanganya.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelifikiria usiku kucha. Kosa ni la mchi, mwepesi mno. Jumatatu wanaanza kuhesabu mpaka mia. Nimeazima mchi mzito wa Vololona. Huo utapenya pamba.