Kuombewa Safari ya Luxor

Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakugusa. Si uvivu. Nilikuwa napanga jambo kubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi, Frédéric, mwalimu mstaafu wa historia na sarufi, nampeleka mke wangu Luxor, mji wa kale wa Misri, kando ya mto Nile. Siku nne. Anasa tupu! Hoteli yenye mashuka meupe na meza inayotazama mto. Binti yetu Délice atafuatana nasi, kwa kuwa anaelewa simu.

Siku ya harusi yetu, miaka arobaini iliyopita, nilimwahidi Gloriose siku nne za kukaa kitini na kuletewa chakula. Hajapata hata moja. Hata alipotoka kumzaa Délice, alikuta wageni nyumbani, akawasha jiko.

Jana nilimweleza habari za mahekalu na makaburi ya wafalme. Aliuliza swali moja tu: huko anapika nani? Nikamjibu kwamba wapo wapishi. Akafumba macho, akatabasamu.

Pasipoti bado. Afisa anasema zitatoka wakati wowote. Wakati wowote ni pamoja na Jumatatu.

Jumapili, tarehe 7 Julai

Ushindi!

Wakati wa matangazo alisimama Protais, shemeji yangu, kaka yake Gloriose, kiongozi wa kwaya. Akaomba kanisa limwombee safari: mwisho wa mwezi anakwenda Bujumbura kulala hotelini. Akarudia neno hotelini. Akaongeza kwamba kuna bwawa la kuogelea.

Sikuwa nimepanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikatangaza kwamba familia yangu inaondoka Jumanne, kwenda Misri.

Kanisa zima lilivuta pumzi. Mchungaji Sévère alituita mbele, tukawekewa mikono. Mama Victoire aliomba mamba wote wa Nile wapofuke. Gloriose alinifinya mgongoni. Kisha watu wakapanga mstari kutuaga hadi mlangoni. Katibu aliendelea kusoma matangazo mengine, lakini sikuyasikia. Protais alitoka bila kushikwa mkono na mtu yeyote.

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Pasipoti hazikutoka. Zinasubiri saini, na mwenye saini yuko safarini. Kuna watu wanaosafiri kwa urahisi!

Délice ameshauri tuseme ukweli. Nimemkataza. Hapa Uvira mtu aliyeombewa safari haonekani tena sokoni. Akionekana, atakuwa amemdanganya Mungu mbele ya mashahidi mia tatu.

Nikapendekeza tujifungie ndani siku nne, mapazia yameshushwa. Gloriose aliuliza: humo ndani atapika nani? Nikalifuta wazo hilo.

Ndipo akili ikafunguka. Luberizi! Olive, dada yangu mdogo, analima mpunga huko. Mto upo: Ruzizi. Mji si wa kale, lakini udongo wake ni wa kale kabisa.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Saa moja asubuhi kwaya nzima ilifika kutusindikiza kwa ngoma. Walitaka kutufikisha hadi kwenye ndege. Nikawaeleza kwamba sheria za kimataifa hazikubali nyimbo karibu na injini. Mama Victoire alitupatia mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa ajili ya ndugu zetu Wamisri.

Protais alijitwisha sanduku langu mwenyewe. Lilifunguka. Akataka kujua buti za mpira zinakwenda kufanya nini hotelini. Nikamwambia kwamba Nile hufurika. Njiani Gloriose alicheka kutoka Kiliba hadi Sange.

Olive alitupokea kwa vigelegele. Nilimwambia kwamba tumekuja kupumzika, jambo ambalo ni kweli. Akampiga marufuku wifi yake kukaribia jiko. Kiti barazani, mashamba ya mpunga mbele, wali mpya, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Gloriose alikula amekaa.

Siku ya kwanza.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Gloriose aliomba chai. Ikaja. Akaomba nyingine, ili kuona kama itakuja tena. Ikaja!

Délice alinipiga picha kando ya mto, nimeweka mikono nyuma kama mtafiti, akaituma kwenye kundi la kanisa. Protais akajibu mara moja: "Shemeji, ngombe ya Misri iko na mapembe kama ya huku kwetu!" Sikuwa nimewaona wale ng'ombe nyuma yangu. Nikamjibu kwamba ng'ombe wa pembe ndefu wamechorwa ndani ya makaburi ya Misri. Ni kweli. Historia imeniokoa.

Siku ya pili.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Msiba.

Saa nne asubuhi nilisikia wimbo ninaoujua. Ukakaribia. Lori! Ndani yake kwaya yetu nzima, Mchungaji Sévère, na Protais mbele kabisa. Mkutano wa injili, Luberizi, siku tatu, malazi kwa mama shemasi Olive. Ndilo tangazo lililosomwa Jumapili nilipokuwa nikiagwa, na Olive alidhani nalijua.

Nilijificha nyuma ya magunia ya mpunga. Buti zilibaki nje.

"Kumbe Misri iko hapa!" Protais alipiga kelele. "Na Farao njo weye?"

Walicheka hadi dereva akashuka kuuliza kuna nini. Nilikuwa na jibu tayari, sentensi ndefu isiyo na kosa, kuhusu ndege iliyotushusha njiani. Nikafungua kinywa. Ndipo nikamwona Gloriose.

Alikuwa ameinuka kitini. Watu arobaini wamefika, Olive ana mabinti wawili tu. Alikuwa anakaza kitenge kiunoni, kama kawaida yake, bila kulalamika. Siku ya tatu!

Nikamwambia akae. Nikasema mbele ya wote kwamba hakuna Misri, pasipoti hazikutoka, na kilichonisimamisha kanisani ni kiburi. Lakini huyu mama anadai siku mbili, na atazipata. Nikachukua mwiko, nikaingia jikoni.

Sijawahi kusonga bugali maishani. Nilianza na ya watu arobaini. Protais alisimama mlangoni akinicheka, hadi aliponiona nikijaribu kuinua sufuria peke yangu. Akavua koti, akashika mkono wa pili. Akasema kwamba hafanyi hivyo kwa ajili yangu. Ni dada yake.

Bugali ilikuwa na mabonge. Mama Victoire aliiombea kwa muda mrefu. Gloriose alikula yote, amekaa, akaomba nyongeza. Nikampelekea mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Malengelenge mikononi. Tumegombana na Protais kuhusu chumvi tangu asubuhi, na leo mabonge yamepungua. Nasema ni kazi yangu. Naye anasema ni yake.

Mchungaji alihubiri kuhusu Yona, aliyetumwa mji mmoja akakimbilia kwingine. Alinitazama saa nzima. Kwaya ilicheka mahali pasipo na kichekesho.

Jioni Gloriose aliniita kitini pake. Akasema hajawahi kufurahi hivi, akanisafisha unga masikioni. Siku nne kamili. Sina la kuongeza.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Tumerudi Uvira. Kanisa limetupokea kwa makofi na maneno ya kejeli. Nimeyavumilia yote. Niliketi mnyenyekevu, mtu mpya.

Kisha Protais akasimama. Akatangaza kwamba mwezi wa Desemba anampeleka mke wake Kigoma kwa meli, chumba cha juu.

Cha juu!

Nikamwandikia katibu karatasi palepale, akaisoma. Familia ya Mwalimu Frédéric nayo itasafiri mwezi wa Desemba, kwenda mji wa kale ulio kando ya mto. Jina la mji nimeliacha wazi. Babeli inanivutia. Ninawi pia. Délice ananong'ona kwamba yote miwili ni magofu. Gloriose anasema popote, mradi kiti kiwepo.

Tumekwisha kuombewa. Tukishakata shauri tunakwenda wapi, nitaandika.