Robota la Mafeni na Nadharia ya Dunia Nzima

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeelimika. Nilikwenda kwenye semina ya utandawazi, ukumbi wa wilaya, kwa sababu ya kuku. Siwezi kujidanganya ndani ya daftari langu mwenyewe. Lakini kabla ya kuku alisimama Doutora Ilda, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Pemba, mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akasema maneno yaliyonisisimua mwili mzima.

Alisema biashara ya dunia ni mfumo changamano. Kila kitu kimeshikana na kila kitu, na bosi hayupo. Kundi la dagaa linageuka lote kwa pamoja, na hakuna dagaa aliyetoa amri. Kidogo kikitikisika huku, kikubwa kinaanguka kule. Wanawake wa hapa kwetu Palma wakibadili kitambaa, kiwanda India kinahangaika. Niliandika yote. Mwishoni alianza kusema “lakini msisahau”, ila hapo kuku alikuwa ameshaingia, nikawahi foleni.

Kitambaa! Mimi ninalo robota zima. Kapulana mia mbili za wanawake kujifunga, zote sura moja: njano, zenye picha za mafeni ya zambarau. Nililinunua bila kulifungua, kwa pesa ya mabati ya mke wangu Zubeida. Miezi mitatu sasa limekaa chumbani, na sisi tunalipita kwa ubavu. Zubeida amesema mvua zinakuja na paa ni lile lile la makuti mabovu. Likiwa bado ndani ifikapo Jumapili, napanda lori la Pundanhar, huko bara, nikalime muhogo kwa kaka yake Abibo mpaka mabati yapatikane. Mimi, Jamaldine, mtu wa pwani, nishike jembe!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimechora dunia ukutani kwa mkaa. Palma katikati, India juu, China karibu na dirisha, Ureno nyuma ya mlango. Mishale arobaini na moja. Zubeida aliuliza nani atafuta. Nikamwambia sayansi haifutwi. Akasema basi sayansi ipike.

Kazi ilikuwa kukipata kile kitu kidogo cha kutikisa. Nimekipata: Zaida! Ndiye kiongozi wa Mwangaza, kundi la tufo, ngoma ya wanawake wetu, na kila mtu Palma anajua Zaida akifunga kitambaa asubuhi, jioni kimejaa mtaani. Tena Jumamosi ni harusi kwa mzee Buanali, na makundi ya tufo yanataka sare mpya. Nimempelekea kapulana moja, bure. Aliigeuza, akainusa, akasema mafeni yanaleta ubaridi. Mshale wa kwanza huo!

Jirani yangu sokoni, Chamsudine, anauza ndoo na vitambaa vya rangi tupu visivyo na mpango. Aliuliza tangu lini nagawa mali bure. Nikamjibu kwamba hajasoma.

Jumatano, 8 Oktoba

Wamekuja. Nilipofungua kibanda walikuwa watano, ilipofika saa nne wakawa ishirini, adhuhuri sina pa kusimama. Kundi zima la Mwangaza, na wengine na shangazi zao. Kapulana hamsini zimeondoka siku moja! Nimecheza peke yangu nyuma ya kibanda. Chamsudine ameona. Simjali.

Kwenye lebo ya robota kuna namba ya simu ya kiwanda. Nimewatumia ujumbe kwamba wajiandae, Palma imetikisika. Tiki moja tu mpaka sasa. Nadhani wameshaanza kuhangaika.

Zubeida hakufurahi. Aliuliza kama nimempa Zaida peke yake. Nikasema ndiyo, ndiyo nadharia. Akabeba ndoo, akaenda kuchota maji.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuja hata mmoja. Nimekaa kutwa nzima nafukuza nzi. Wanawake wanapita, wanaona mafeni, wanageuza uso kana kwamba nauza samaki aliyeoza.

Nimechunguza. Palma tunayo makundi mawili ya tufo. Lipo Mwangaza la Zaida, na lipo Amizade la Sumaia, na wawili hawa hawajasalimiana tangu shindano la miaka sita iliyopita. Sumaia amesikia Zaida kavaa mafeni. Amesema yeye na watu wake ni heri wajifunge gunia. Basi Amizade wote, na mawifi zao, na majirani wa mawifi zao, hawataki kuyaona. Anayeyafunga amejitangaza ni mtu wa Zaida. Na watu wa Zaida wameshanunua. Nusu ya mji imetosheka, nusu imeapa!

Zubeida anasema hata mbuzi wa Palma analijua hilo. Yeye mwenyewe ni Amizade, miaka saba sasa, mstari wa mbele. Nilijua, sikatai. Nilidhani nadharia ina nguvu kuliko Sumaia.

Chamsudine ameninunulia soda kwa huruma. Nimeinywa kwa hasira.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nimepata akili mpya. Mfumo umekwama upande mmoja, dawa ni kuutikisa upande wa pili. Nimekwenda kwa Sumaia na kapulana moja mkononi, bure. Nikamwambia Zaida ameyatupa mafeni, kesho atavaa buluu yenye ndege, maana amesikia mafeni ndiyo fasheni ya wakubwa Zanzibar akaona hayamfai. Sumaia akanitaka niape. Nikaapa kwa elimu yangu. Akasema kisichomfaa Zaida kinamfaa yeye.

Kabla ya magharibi zimeondoka sabini! Hata Zubeida amejifunga yake, amenuna lakini amejifunga, kwa sababu sare ni sare.

Nilitaka nipite kwa Zaida nimshawishi abadili kweli. Lakini nilifikiri vizuri. Doutora alisema bosi hayupo, mfumo hujipanga wenyewe. Nani mimi niuingilie? Nikaenda kula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia chooni.

Mwangaza waliingia kwa Buanali kutoka upande wa msikiti, nyuso nyeupe kwa msiro, ule unga wa mti wa kujipaka, matari yanalia, mafeni hamsini. Amizade wakaingia kutoka upande wa soko. Mafeni sabini. Matari yakanyamaza. Hata bibi harusi akafunua ushungi atazame.

Zaida akamtazama Sumaia. Sumaia akamtazama Zaida. Wakatazama vitambaa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, wakasemezana. Kila mmoja alimuuliza mwenzake kanunua kwa nani.

Mimi nilikuwa nyuma ya sufuria la pilau. Shangazi wa bibi harusi alinitoa kwa sikio. Sijui nani alianza, lakini wanawake wetu hawafungi kapulana moja tu, ndani ipo nyingine, kwa hiyo walifungua zile za juu na kunitupia. Mia na ishirini! Nilizama mpaka kifua. Fahali wawili wakipigana huumia nyasi, tunajua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wakipatana wanazila.

Chamsudine akafungua kibanda mbio. Nyekundu kwa Mwangaza, kijani kwa Amizade. Alasiri haikumkuta na hata kipande. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga semina! Amenitumia sahani ya pilau na shukrani.

Na wametunga wimbo. Unanihusu. Makundi yote mawili yameuimba pamoja, Zaida anaanza, Sumaia anapokea. Buanali amesema haijawahi kutokea harusi tamu kama hii.

Jumapili, 12 Oktoba

Zubeida amepita nyumba kwa nyumba kurudisha pesa ya kila mtu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema robota angeweza kulisamehe, na hata mabati. Lakini alisimama mstari wa mbele, mbele ya mji mzima, amevaa uongo wa mume wake, na wenzake wakamgeukia yeye kwanza. Niliona aibu. Nilitamani kumwambia neno zuri, nikafuta ukuta. Ureno imegoma kutoka.

Nilimwandikia Doutora Ilda kumweleza nadharia yake ilivyonifanyia. Amejibu haraka, muungwana kweli. Anasema nilikosa sentensi ya mwisho: kwamba katika mfumo wa namna hiyo hakuna anayeweza kujua kabla kidogo kipi kitaangusha kikubwa kipi, na mwenye busara huuliza kwanza wanaoishi ndani yake. Sasa kwa nini hakuanza na hilo?

Lori limekuja saa tano. Zubeida amenifungia chakula, maana moyo wake si mbaya. Amesema nirudi na mabati au nisirudi. Halafu akawaita wapakiaji wawili, wakalipandisha robota juu yangu. Amesema anataka chumba chake.

Jumatano, 15 Oktoba

Pundanhar. Barabara imenivunja kiuno, jembe limemalizia. Abibo ananiamsha jogoo akiwa bado amelala. Ananisimamia kwenye matuta, kisha anachimbua nilichopanda na kukipanda upya. Usiku namkumbuka Zubeida. Nimeapa mbele ya Mwenyezi Mungu: nadharia basi. Muhogo, mabati, nyumbani.

Leo mchana Abibo, katika kupumzika, ameniambia mwisho wa mwezi hapa kuna sherehe, na vikundi vya ngoma vya wanawake vinatafuta sare. Nikauliza vipo vingapi. Vitatu, na vyote haviivi chungu kimoja.

Nimelitupa jembe. Kosa la Palma sasa naliona waziwazi. Kule makundi yalikuwa mawili tu, ndiyo maana yakagongana! Vitatu ni mfumo kamili, unazunguka.

Kabla ya jua kuzama nimeshafika kwa viongozi wote, kapulana moja moja, bure. Nimemwambia kila mmoja kwamba ni yeye peke yake.