Maski Iko Msumarini

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Ndoa ya Sharifa ni Jumapili. Zimebaki siku sita. Kitanda chake bado ni miguu minne na ahadi.

Niliahidi kitanda cha chuma, kichwani maua kumi na mawili, kila ua petali tano. Petali sitini! Kila moja inashikwa kwa pointi yake ya moto, tone moja la kuchomelea. Nani alinituma kuahidi maua? Mimi mwenyewe, mbele ya wakwe, mdomo umejaa pilau.

Sharifa ameniomba jambo moja tu: Baba, siku hiyo uje na macho mazima. Anajua anachosema. Marehemu mama yake, Mounira, aliniambia miaka miwili iliyopita, akiwa mgonjwa, hawezi tena kuketi: siku ya mtoto uangalie vizuri, uangalie na sehemu yangu. Nikasema ndiyo. Basi kazi yangu Jumapili ni hiyo. Macho mawili, kutazama kwa watu wawili.

Maski yangu ya kuchomelea ipo. Nimemwambia Sharifa imevunjika. Haikuvunjika. Iko msumarini ukutani, juu ya kitanda changu, imefunikwa shuka. Naisalimia asubuhi, naisalimia jioni. Siivai. Sababu nitaiandika siku nyingine, leo nina mpango.

Mpango: miwani ya jua mbili, moja juu ya nyingine. Giza mara mbili. Ajabu hakuna fundi aliyewahi kulifikiria hili.

Petali nane. Mkono safi kabisa.

Jumanne, 3 Septemba

Wamelifikiria. Wameacha.

Macho yamekuwa mekundu tu, nashukuru. Lakini uso! Pua, mashavu, paji, vyote vimebabuka. Penye miwani pamebaki duara mbili safi. Nimekuwa bundi. Sharifa aliuliza. Nikasema ni jua. Akatazama mawingu, akanyamaza.

Edouard hakunyamaza. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, na tangu mwezi uliopita ana maski mpya ambayo kaka yake alimletea kutoka Kinshasa. Kioo chake kinakuwa cheusi chenyewe moto ukiwaka. Anaivaa hata akienda kununua mkate. Alipiga kelele mtaa mzima wa Mikelenge usikie: Papa Sharifa, karibu! Hatukujua kama bundi wanatembea muchana!

Mpango wa pili, basi. Kinachoungua ni ngozi, kwa hiyo nifunike ngozi. Udongo mweupe, nikauchanganya na mawese ili ushike. Nikapaka uso wote, shingo, masikio.

Akaja mtu na baiskeli iliyokatika. Kuniona na uso mweupe kama wa mfiwa, akavua kofia, akanipa pole ya msiba. Nikaipokea. Haikuwa uongo, ilichelewa miaka miwili tu. Akaondoka haraka na baiskeli yake.

Halafu cheche moja ikatua puani. Mawese yakakumbuka kazi yake. Nilinukia ndizi ya kukaanga mpaka magharibi. Petali nne.

Jumatano, 4 Septemba

Hakuna mafuta ya jenereta. Siku ya kupumzika na ya kuandika sababu.

Wakati wa vita treni ilinyamaza, na kila kitu kilikuwa kinabebwa kwa baiskeli: chumvi, sabuni, wagonjwa. Fremu zilikatika kila siku. Nilikuwa na kazi kuliko chakula. Askari nao walileta vyuma vyao na mafuta yao, na ukikataa, wewe ndiwe unakuwa chuma. Kisha kioo cheusi cha maski yangu kikapasuka. Mjini hakikuwepo kingine. Nikaanza kuchomelea macho wazi, jioni nikawa naongozwa mkono hadi kwenye mkeka.

Mounira alipanda mtumbwi akaenda Lokandu, kwa mjomba wake aliyewahi kuwa fundi. Akapewa kioo. Lakini njiani kulikuwa na vizuizi saba vya askari, na kila kizuizi kilikuwa na njaa. Akanunua samaki waliooza. Aliwachagua kabisa, mmoja mmoja, kwa pua, muuzaji akidhani ana wazimu. Akafunga kioo katikati yao. Kila kizuizi walifungua, walinusa, wakamwambia mama, pita, pita haraka!

Kioo kikafika kizima. Maski ikanuka mwaka mzima. Nililalamika mwaka mzima, Mungu anisamehe. Kisha Mounira akakata kitenge chake cha kijani, chenye picha za ndege aina ya kanga, akakishona ndani, penye paji, ili jasho lisinichome. Kila kilipochakaa alikishona upya, kitenge kilekile.

Samaki hawanuki tena. Kimebaki kitambaa, na ndani yake kitu kidogo cha harufu ya sabuni yake na mafuta ya nywele, maana alikuwa akiijaribu kichwani mwake akimaliza kushona. Nikivaa, jasho langu litakimaliza kwa wiki moja. Ndiyo sababu. Nimeiandika. Sitaieleza tena.

Alhamisi, 5 Septemba

Mafuta yamepatikana. Na mpango wa tatu ndio wenyewe!

Mwaka jana nilianguka na baiskeli, hospitalini wakanipiga picha ya kifua. Ile karatasi nyeusi ninayo. Nikaifunga usoni kwa mpira wa tairi. Inaziba mpaka kidevu. Nikawa natazama maua ya binti yangu kupitia mbavu zangu mwenyewe. Jambo zuri, kwa kweli.

Edouard alivuka barabara ili kuona karibu. Akauliza: Papa Sharifa, uko unachomelea ao uko unajipasua? Nikamwambia kila mtu na teknolojia yake. Akasema mimi na wewe tunajua ile maski ya mama Sharifa iko, kwa nini huivai? Nikamwambia imevunjika. Akavuka barabara, akarudi kwake.

Petali kumi na mbili, kisha picha ikajikunja kwa joto na kutoboka penye moyo. Saa tisa alasiri. Petali thelathini na sita zimebaki!

Mpango wa nne hauhitaji kifaa. Unaangalia, unaweka fimbo ya moto mahali pake, unafumba macho, unagusa. Moto unawaka wakati hutazami. Kope ni mlango, Mungu mwenyewe aliuweka. Nilienda kama cherehani. Edouard alipiga kelele kutoka kwake: sasa uko unasali ao? Petali thelathini na moja! Limebaki ua moja tu. Macho hayaumi hata kidogo. Nimewashinda wote.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandika bila kuona. Kama mstari huu umelala juu ya mwingine, samahani.

Alfajiri. Mchanga ndani ya macho. Mchanga wenye pilipili. Kope si mlango, kope ni pazia.

Sikwenda msikitini.

Jumapili ni keshokutwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Jicho moja linafunguka. Mistari inapanda kama mbuzi, lakini naiona.

Jana Sharifa alimwita Joséphine, muuguzi jirani yetu. Akaniwekea dawa, kitambaa cha maji baridi, dirisha likazibwa. Aliongea muda wote. Kwamba mwanga wa kuchomelea unaunguza jicho hata likiwa limefumbwa. Kwamba picha ya kifua ni ya kuangalia mifupa. Kwamba fundi wa miaka thelathini kazini anatakiwa kuvaa kioo cheusi na kufunika uso na shingo, ao astaafu. Nikamwuliza kama Jumapili nitaona. Akasema kwa kawaida siku mbili zinatosha, lakini macho yangu si ya kawaida, ni ya mukaidi.

Nililala nikihesabu saa kwa adhana. Mounira angeniuliza nini? Angeniuliza, sehemu yangu umeipeleka wapi?

Leo asubuhi Sharifa alitafuta shuka safi ya kunibadilishia. Akavuta ile ya ukutani.

Akaishusha maski msumarini, akaigeuza. Halafu akasema taratibu: Baba, hii maski iko nzima.

Nikamweleza. Nilisema sitaieleza tena, nikaieleza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilisikia anavuta kamasi, sikujua kama analia au anacheka. Akasema mama alivuka vizuizi saba na samaki wa kuoza ili uivae, si ili uisalimie.

Akachukua wembe. Akafumua kile kitenge uzi kwa uzi, akakikunja, akakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko. Akaniwekea mkononi. Hii njo ya kunusa, akasema. Ile ni ya kazi. Kisha akakata kipande cha kitambaa chake mwenyewe cha ndoa na kukishona palepale penye paji.

Alasiri nikasikia jenereta yangu inanguruma. Nani? Edouard! Hakuitwa. Alikuja na maski yake ya Kinshasa akamalizia ua la mwisho. Nilisikiliza kutoka chumbani. Sauti nzuri, kama mafuta yakikaanga. Akaja kunisalimia. Nikamwambia asante, ila petali ya tatu imeinama kidogo. Akasema Papa, umefungwa macho! Nikamwambia nimeisikia.

Akacheka mpaka akakaa chini. Si mtu mbaya. Petali imeinama kweli, nimeipapasa.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeona!

Macho yote mawili yalifunguka, mekundu kama ya ng'ombe, lakini yameona. Nimeuona mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wangu, kucha zimekatwa vizuri. Nimeona hina ya Sharifa hadi kwenye viwiko. Nimeona anavyotembea, mguu wa kushoto unakwenda nje kidogo, kama mama yake, na nilikuwa sijawahi kugundua. Kila kitu nilikitazama mara mbili. Mara moja kwa ajili yangu. Mara moja kwa ajili ya Mounira. Watu walidhani shingo inaniuma.

Machozi yalinitoka tangu asubuhi. Wakwe walinisifu: baba mwenye huruma! Nusu ilikuwa ya moto wa kuchomelea. Nusu gani, sijui.

Kitanda kilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, kwa bwana harusi, miguu juu, maua kumi na mawili yanang'aa. Nilisimama ukingoni mpaka hayakuonekana tena. Edouard alisimama nami. Akasema ile petali haionekani kwa mbali. Nikakubali.

Jumanne, 10 Septemba

Nyumba imetulia. Nimekula wali wa juzi, mtamu. Kopo la maziwa liko chini ya mto. Nilifungua kidogo, nikafunga haraka.

Wateja wawili wamekwisha kuja. Baiskeli moja, geti moja. Nikaishusha maski msumarini. Sharifa alitaka niape kuivaa, nami niliapa.

Nikaigeuza. Kitambaa cha zambarau. Mishono yake imepinda, na fundo la mwisho amelifunga kinyume, kama mama yake alivyofunga siku zote. Kinanuka udi. Kinanuka Sharifa alivyokuwa Jumapili. Kikikutana na jasho langu, udi huo utadumu siku ngapi? Nne?

Nimeirudisha msumarini. Nimeifunika shuka. Nimeisalimia.

Kisha nikakaa kufikiri, bila haraka, kama mtu aliyeyapitia mambo. Kosa lilikuwa la hesabu tu. Miwani mbili hazikutosha.

Nakwenda sokoni kununua ya tatu.